Jinsi ya kutambua aleji ya maziwa ya ng'ombe kwa mtoto mchanga

Mama akiniambia mtoto wake "anakataliwa na maziwa", namuuliza kwanza kuhusu saa. Alinyonya saa ngapi, na dalili ikaanza saa ngapi? Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Eastlands, Nairobi, na watoto wengi ninaoletewa kwa hofu ya aleji hawana aleji. Mtoto wa wiki sita akilia sana jioni, ni kawaida. Kucheua kidogo baada ya kunyonya, pia kawaida. Anayenyonya anaweza kupata choo kila anaponyonya, au akamaliza siku kadhaa bila choo na bado yu mzima.

Aleji tunaishuku dalili zikiwa zaidi ya moja, zikigusa ngozi na tumbo au kifua kwa pamoja, halafu zijirudie kila mtoto anapopata maziwa ya ng'ombe. Anaweza kuyapata kwenye maziwa ya mkebe, kwenye uji akishaanza kula, au kupitia titi la mama aliyekunywa chai ya maziwa.

Kuna dalili za haraka, zinazotokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka ya kuwasha yaliyovimba, midomo au macho kufura, kutapika, kukohoa, kifua kulia filimbi. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu. Kwa watoto wetu wekundu huo hauonekani vizuri, na nimeona mama akiambiwa "ngozi iko sawa" kumbe mtoto amejaa mabaka. Mvue nguo, mpeleke mlangoni penye mwanga wa mchana, kisha umpapase polepole mgongoni, tumboni na mapajani. Vidole vitakuambia palipoinuka kabla ya macho kuona. Ukitaka kujua kama amepauka au anageuka bluu, angalia midomo, ulimi, viganja na nyayo.

Akihema kwa shida, ulimi ukivimba, sauti ikikwama, au akalegea ghafla, usisubiri wala usimpe dawa ya nyumbani. Piga 999 au 112, na kama kuna gari karibu, ondokeni nalo kwenda hospitali iliyo karibu zaidi yenye idara ya dharura. Kuna pia mtoto anayetapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kunywa, akapauka na kulegea bila upele wowote. Huyo naye ni wa hospitali mara moja.

Dalili za kuchelewa ndizo zinazowachanganya wazazi, maana huanza baada ya saa kadhaa, pengine hata siku tatu. Chai uliyokunywa Jumatatu unaweza kuiona kwenye nepi ya Jumatano. Hapa natafuta ukurutu usiosikia mafuta wala dawa, kutapika sana, kuhara au kufunga choo kwa muda mrefu, mtoto kujikunja na kukataa kunyonya, na hasa damu au kamasi kwenye choo.

Kwa hiyo njoo na nepi yenyewe. Ikunje, itie kwenye mfuko, au ipige picha nje juani, maana balbu za nyumbani hubadilisha rangi. Choo cha mtoto anayenyonya ni cha manjano, laini, chenye chembechembe. Ninachokitafuta ni utelezi unaovutika na vijiuzi vya damu ndani yake. Nitakuomba pia nione chuchu zako, kwa sababu zikiwa zimepasuka mtoto anaweza kumeza damu yako ikatokea huku chini. Damu nyingi iliyochanganyika na kamasi huku mtoto akijikunja kwa uchungu, matapishi ya kijani, au homa kwa aliye chini ya miezi mitatu, hayo si mambo ya kungoja siku ya kliniki.

Usisahau kijitabu cha kliniki. Mtoto anayelia lakini mstari wake wa uzito unapanda vizuri wiki ya 6, 10 na 14 ananipa utulivu kuliko asiyelia sana ambaye mstari wake umelala.

Nyumbani, weka daftari: umekula nini, amenyonya saa ngapi, nini kimetokea na saa ngapi. Daftari la wiki moja linamsaidia daktari sana, kwa sababu aleji ya kuchelewa haina kipimo cha damu cha kuithibitisha. Inathibitishwa kwa kuondoa maziwa na kuyarudisha.

Kama unanyonyesha, tafadhali usiache. Mtaani mama huambiwa maziwa yake ni mabaya, na inaniuma kila nikisikia. Kinachoondolewa, kwa ushauri wa daktari, ni maziwa kwenye sahani yako kwa wiki mbili hadi nne: chai ya maziwa, mala, mtindi, siagi, samli, mandazi na biskuti zenye maziwa. Soma pakiti; "whey" na "casein" ni maziwa pia. Kunywa strungi, yaani chai isiyo na maziwa, kula omena na mifupa yake, terere, maharagwe na uji wa wimbi ili upate kalsiamu, na uliza kuhusu vidonge. Kisha rudisha maziwa. Dalili zikirudi, jibu limepatikana. Zisiporudi, endelea na chai yako. Aliyewahi kupata dalili za haraka asijaribiwe hivyo nyumbani.

Anayetumia mkebe huhitaji maziwa maalum ambayo protini yake imevunjwavunjwa, na daktari ndiye anayeyachagua. Maziwa ya mbuzi hayafai, protini yake inafanana mno na ya ng'ombe. Yasiyo na laktosi hayasaidii, maana tatizo ni protini na si sukari ya maziwa. Ya soya hayashauriwi kabla ya miezi sita.

Mweleze dada wa kazi, wale wa deikea na shosho kwamba mtoto asionjeshwe chai hata kijiko. Watoto wengi hupona kabla ya kuanza shule. Kwa kawaida daktari hupanga kujaribu tena maziwa mtoto akifika miezi 9 hadi 12, akiwa amekaa bila maziwa angalau miezi sita, na huanza na kiasi kidogo kilichookwa, kwa mfano kwenye biskuti.