Kabla hujapanda potulaka, angalia haya kwanza

Mtu anaiona potulaka imetandaa chini kama mkeka, maua mekundu, ya njano, ya pinki, meupe, yote kwa mpigo, basi hapohapo anatafuta miche anaenda kuichomeka popote penye nafasi, afu wiki tatu baadae shina limekuwa laini kule chini, mmea umelala, umeoza. Inaniuma sana kuona hivo, maana haya ni moja kati ya maua rahisi kabisa kulea, ila maandalizi yake yanafanyika kabla mche haujagusa udongo.

Anza na jua. Pale unapotaka kupanda pachunguze siku nzima, asubuhi, saa sita, saa kumi, uone kivuli cha ukuta au mti kinafika wapi. Potulaka inataka jua la moja kwa moja masaa sita kwa uchache, ikipata nane ndo raha yake. Kivulini inaweza ikaishi lakini inarefuka tu kutafuta mwanga na maua hutayaona, kwa sababu yanafunguka jua likiwaka, jioni yanajifunga, hata siku ya mawingu mazito yanabaki yamefumba. Kwa hiyo kama wewe unarudi nyumbani jioni tu, ujue mapema kwamba mara nyingi utayakuta yameshalala. Ua moja linakaa siku moja basi, ila vitumba vinapokezana, ukikosa leo kesho kuna mengine.

Sasa maji, na hapa naomba tusikimbie. Chukua jani lake ulibinye kwa kucha, ni nene, la duara kama sindano iliyonona, linatoa maji. Hilo ndo tanki lake. Asili yake ni Amerika Kusini, Argentina, Uruguay na kusini mwa Brazili, na imeumbwa kuvumilia ukavu, haijaumbwa kukaa na miguu kwenye tope. Kabla hujapanda chimba shimo la kama sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, yale ya pili yakiwa bado yametuama hadi kesho yake basi hapo usipande hivohivo. Changanya mchanga wa mto au changarawe ndogo kwa wingi, au inua tuta sentimita 15 hadi 20 upande juu yake. Mchanga wa baharini achana nao, una chumvi.

Kama ni chungu au ndoo, toboa matundu chini, usikubali kuambiwa kokoto zinatosha. Mimi nilipanda kwenye beseni zuri lisilo na tundu, nikaweka kokoto chini, mvua moja kubwa ikapiga, maji yakajaa kule chini nisiyaone, na miche yote ikaondoka. Tangu hapo chombo kisicho na tundu sikipandi kitu.

Mbolea usihangaike nayo sana, mboji kidogo inatosha, ukiimwagia samadi nyingi utapata majani mazuri mno na maua ya kuhesabu. Magugu ndo uyatoe yote mapema, na mizizi yake, maana potulaka ikishatandaa kung'oa gugu katikati bila kuvunja matawi ni kazi ngumu kwelikweli. Na kama una paka au mbwa anayependa kutafuna majani, panda mbali nae au kwenye chombo cha kuning'inia, mmea huu una kemikali inayoitwa oksaleti na unaweza kumdhuru.

Halafu amua unaanza na nini. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndo unyunyizie zisirundikane sehemu moja, wala usizifukie, zinahitaji mwanga ili ziote, zigandamize tu kidogo kwa kiganja na unyunyize maji kwa chupa ya kupuliza. Kukiwa na joto zinaota ndani ya wiki moja hadi mbili. Mimi napenda zaidi vipandikizi, unakata tawi la sentimita 5 hadi 10, unatoa majani ya chini, unaliacha pale penye kidonda pakauke kidogo kwanza, ndo unachomeka kwenye kichanga chenye unyevu. Acha nafasi ya sentimita 20 hadi 30 toka mche hadi mche, utaona ni pengo kubwa lakini yenyewe italijaza, haipandi juu sana, inaenda pembeni.

Baada ya kama wiki mbili vuta tawi taratibu kwa vidole viwili, likikataa kutoka ujue mizizi imeshika, na kuanzia siku hiyo punguza maji, mwagilia pale tu ukichokonoa udongo kwa kidole ukaukuta mkavu.