Kukereza kibonge cha kukinga injini ya pikipiki
Kibonge cha nailoni kinachofungwa ubavuni mwa fremu hugusa lami kabla ya injini pikipiki inapoanguka. Funga kipande cha kipenyo cha milimita 50 kwenye mashine ya kukereza, inayozungusha kipande kikichongwa, toboa katikati, kisha panua tundu upande wa nje ili kichwa cha bolti kizame ndani kabisa kisije kikasagwa na barabara. Wengi hukosea hapa: nailoni inayobanwa na bolti hulegea taratibu, kwa hiyo ingiza tunduni bushi (bomba fupi) ya chuma inayofika hadi kwenye fremu, na kichwa cha bolti kiikalie. Bolti mpya izidi ile ya awali iliyokuwa kwenye fremu kwa urefu wa bushi hiyo, ili meno yaingie kina kile kile. Nyuzinyuzi za nailoni hujisokota kwenye kipande kinachozunguka. Zima mashine kabla ya kuziondoa.