Kabla ya kununua sola: namna ya kupanga depo ndogo ya mizigo ya ndege hapa Lubumbashi

Mimi ni magazinie. Kwa asiyezoea Kifaransa chetu cha Lubumbashi, huyo ndiye mtunza depo: mwenye ufunguo, mwenye kalamu sikioni, na wa kwanza kulaumiwa koli, yaani kifurushi, ikipotea. Kazi hii nimeifanya upande wa Luano, uwanja wetu wa ndege, zaidi ya miaka kumi na tisa. Siku hizi haupiti mwezi bila mtu kunijia na swali lile lile: “Mama, tunataka depo ya kisasa, yenye sola. Tuanzie wapi?” Wengi wameshaona picha za Addis Ababa, mashine inachukua paleti na kuipandisha rafu ya juu bila mkono wa mtu. Mimi huwaomba kwanza waniletee daftari lao la kuingizia mizigo.

Anza na daftari

Chora safu nne: mzigo uliingia saa ngapi, karatasi zilikamilika saa ngapi, mzigo uliondoka saa ngapi, na katikati hapo nani alikuwa anangojewa. Hiyo safu ya nne usiiruke hata kama jina linalojirudia ni la bosi wako. Andika saa kwa mtindo wa 14:30, si “saa nane na nusu”, maana karatasi za ndege hufuata saa ya kimataifa ya UTC na Lubumbashi iko mbele yake kwa saa mbili. Ukichanganya saa tatu za aina tatu, daftari litakuwa la kufungia karanga.

Fanya hivyo wiki mbili bila kubadilisha kitu chochote. Utashangaa. Mzigo unaongoja haukai bure, unakula. Unakula umeme wa chumba cha baridi. Unakula nailoni ya pili kwa sababu ya kwanza ilichanwa wakati wa ukaguzi. Unakula mazutu (dizeli) ya forklifti inayousogeza mara tatu kupisha wenzake. Watu wakisikia depo safi wanafikiria paa lenye paneli. Mimi nafikiria koli iliyolala usiku mmoja badala ya minne. Paneli zinakuja, lakini baadaye.

Namba ya LTA, hapo ndipo saa nyingi zinapopotelea

Kwetu, sababu ya kwanza katika safu ya nne haikuwa forodha wala mvua. Ilikuwa namba zilizoandikwa vibaya. Hati ya ndege, ile tunayoiita LTA, ina tarakimu 11: tatu za mwanzo ni za kampuni ya ndege (071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways), nane zinazofuata ni za hati yenyewe. Miaka mingi nilizinakili kwa mkono bila kujua kwamba tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zile saba zilizo mbele yake.

Jaribu na simu yako. Chukua saba: 1234567. Gawanya kwa 7, unapata 176366 na vipande. Acha vipande, zidisha 176366 kwa 7, unapata 1234562. Toa hiyo katika namba yako ya kwanza: inabaki 5. Kwa hiyo hati halali itasomeka 071-12345675. Ikiandikwa mwishoni 3 au 8, mrudishie mteja karatasi kabla hajaondoka mlangoni. Tarakimu ya nane haiwezi kamwe kuwa 7, 8 wala 9.

Kosa lililonifundisha lilikuwa langu mwenyewe. Ilikuwa koli ndogo, mpira wa kuzibia pampu ya mgodi, haijai hata kiganja. Nilisoma 1 nikaandika 7, na kwa siku nne koli ilikaa kwenye rafu mbele ya macho yangu huku mwenyewe akinipigia: “Mama, niko nangoya tangu juzi, koli yangu iko wapi?” Hesabu hiyo ya saba ingeninasa palepale. Lakini ijue na udhaifu wake: haiwezi kuona 0 iliyogeuka 7, wala 1 iliyogeuka 8, wala 2 iliyogeuka 9, kwa kuwa tofauti yake ni saba kamili. Hizo zinahitaji jicho.

Ndiyo maana nasema teknolojia ya kwanza ya kununua ni skana ya mistari, au simu ya kawaida yenye programu ya kusoma mistari hiyo, na printa ndogo ya vibandiko. Hati za kielektroniki si ndoto tena. Tangu 1 Januari 2019, IATA, chama cha kampuni za ndege duniani, imeifanya hati ya kielektroniki kuwa njia ya kawaida kwenye safari zote ambazo sheria za nchi zinaruhusu. Muulize wakala wa ndege unayefanya naye kazi kama anaipokea kwa mzigo wako. Akikubali, tuma data jioni ya kuamkia safari, si wakati gari liko getini. Karatasi zitakazobaki (na zitabaki, msijidanganye) ziweke kwenye bahasha moja kwa kila mzigo, na upige picha kila ukurasa.

Mizani na futi ya kupimia

Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na mwezi wa kumi, kabla mvua haijashuka, joto huifanya iwe nyepesi zaidi. Ndege inayopaa katika hewa ya namna hiyo haibebi kama inavyobeba pwani. Basi kilo ya uongo hapa ina madhara zaidi: mzigo wa mtu mwingine utashushwa dakika ya mwisho, urudi depo, ungoje tena. Mizani ihakikiwe kwa wakati, iwekwe sakafu iliyo sawa, na kila asubuhi ipime kitu kile kile. Sisi tuna jiwe la kilo 20 lililopakwa rangi nyekundu.

Ukubwa nao ni uzito. Ndege hutoza kilo moja kwa kila sentimita za ujazo 6,000. Mama mmoja alileta katoni ya vitenge ya sentimita 80 kwa 60 kwa 50. Mizani ilisema kilo 22. Zidisha vipimo: 240,000, gawanya kwa 6,000: analipia kilo 40. Katoni ilikuwa na nafasi juu, imejazwa magazeti. Tuliikata kwa kisu, tukakunja upya hadi urefu wa sentimita 30, akalipia 24. Hapo amehifadhi pesa, na ndege haikubeba magazeti. Weka kisu, gundi ya karatasi na futi mezani pa mapokezi. Huo ndio uwekezaji wa mazingira wa bei rahisi kuliko yote ninaoujua.

Mbao na nailoni

Nailoni kwanza, kwa ufupi. Nchi yetu ina dekrii, yaani amri ya serikali, namba 17/018 ya 30 Desemba 2017 inayokataza mifuko, vifuko vidogo na vifungashio vya plastiki. Tembea soko la Kenya, hapa hapa mjini kwetu, ujionee mwenyewe inavyofuatwa. Kwenye mizigo, mvua ya kuanzia Novemba hadi Machi haitanii, na siwezi kukuambia uache kufunika paleti. Punguza tu. Zungusha nailoni baada ya ukaguzi, si kabla. Kutoka rafuni hadi mlangoni tumia bashi (turubai) nzito na mikanda inayorudi. Ya kwetu ya mwisho ilidumu misimu mitatu, na ilitoboka kwa sababu ya panya, si ya kazi.

Mbao zina hatari ambayo wengi hawaioni. Paleti ya safari za nje inatakiwa iwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya vifungashio vya mbao, wenye picha ya suke la ngano. Herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto hadi ndani kabisa kufika nyuzi 56 kwa dakika 30. Hizo zirekebishe, zitumie ndani ya depo, tengenezea rafu. Lakini ukiona MB, mbao zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Walinzi wetu walizoea kuvunja paleti za zamani na kupikia bukari (ugali) usiku, maana makala, yaani makaa, yamepanda bei na misitu ya miombo inazidi kusogea mbali na mji. Nilipitisha sheria: mbao ya MB haiingii jikoni kwa mtu, hata kama ni ya bure. Ipakeni rangi nyekundu ili hata asiyesoma ajue.

Chumba cha baridi

Hapa ndipo umeme unapoishia, kwa hiyo tulia kidogo. Chanjo nyingi hukaa nyuzi 2 hadi 8. Dawa nyingi za kawaida nyuzi 15 hadi 25. Tangu Julai 2012 mzigo wa dawa uliopangiwa usafiri wa joto maalumu lazima uwe na kibandiko kinachotaja viwango vyake, na ukikosekana usipokee. Kwa miaka mingi kipimajoto chetu kilining'inia karibu na feni, kikisoma 4 kila siku, sisi tukifurahi. Siku moja mwana wa stajie, kijana aliyekuja kujifunza kazi, alikipeleka karibu na mlango, juu, kwa udadisi tu. Kikasoma 11. Weka vidude viwili vya kurekodi joto: kimoja feni inapopuliza, kingine kona ya mlango kwenye rafu ya juu. Amini cha mlangoni.

Kisha ning'iniza mapazia ya vipande vya plastiki nene mlangoni, pakeni paa rangi nyeupe, na mpangie kila mlango sababu ya kufunguliwa. Kwetu tulikubaliana: unaandika kwenye ubao unachofuata kabla ya kushika kitasa. Vijana walicheka wiki ya kwanza. Barafu kavu, kama mteja ameileta, ina namba yake ya mizigo ya hatari, UN1845. Hugeuka gesi inayosukuma hewa nje, kwa hiyo usimfungie mtu nayo katika chumba kidogo kisicho na hewa.

Sasa sola

Nakupa hesabu ya mfano, uibadilishe kwa vyombo vyako. Taa 12 za wati 20 kwa saa 10: kilowati-saa 2.4. Mizani, tableti, printa na intaneti, tuseme wati 100 usiku na mchana: 2.4 tena. Mashine ya baridi ya kilowati 1.5 ikiunguruma saa 12 kwa siku: 18. Jumla 22.8. Gawanya kwa saa 5 za jua kali, kisha kwa 0.75 kwa ajili ya kinachopotea njiani: kama kilowati 6.1. Kwa paneli za wati 550 unahitaji 12.

Sasa rudia hesabu baada ya mapazia, paa jeupe na mizigo isiyolala. Mashine ya baridi iungurume saa 8 badala ya 12. Jumla inashuka hadi 16.8, na paneli zinakuwa 9. Tatu zimebaki dukani, pamoja na sehemu ya betri, na betri ndiyo inayouma mfukoni. Mtu aliyekuja kutuuzia sola hakupenda nilipomwonyesha karatasi hiyo.

Paneli zioshwe alfajiri zikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu hulala juu yake kama blanketi. Grupu (jenereta) usiiuze: iache kwa siku za mawingu mazito, uiwashe dakika kumi kila wiki ili isigande. Na usidhani haya ni ya mradi mdogo tu. Uwanja wa Cochin, India, tangu 2015 unaendeshwa kwa jua, na Mombasa, kwa mradi wa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na Umoja wa Ulaya, jua husaidia kupa ndege umeme na hewa baridi zikiwa zimeegeshwa, injini ndogo ya mkiani imezimwa.

Forklifti ya umeme ni nzuri, ila kama ina betri za risasi na asidi, ichajie mahali penye hewa. Inapochajiwa hutoa haidrojeni. Maji safi ongeza baada ya kuchaji, si kabla, la sivyo asidi itamwagika sakafuni. Kuhusu betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, namba UN3480, tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kwenda kama mzigo ndani ya ndege ya abiria, na chaji yake isizidi asilimia 30. Nikifungua katoni za simu hufikiria malori yanayopita hapa kutoka Kolwezi kwenda mpakani Kasumbalesa na kobalti yetu, madini ya kutengenezea betri. Inatoka kwa barabara, ikiwa unga kwenye magunia, na inarudi kwa ndege, ndani ya katoni, na LTA juu yake.

Vijana wa pusipusi

Tulipoleta transpaleti, toroli la kuinulia paleti, wale wabebaji wanne wa pusipusi (mkokoteni) walidhani wamefukuzwa. Mmoja aliacha kuja siku mbili. Tuliwapa skana. Wao ndio wanaojua kila koli imelala wapi, kuliko kompyuta yoyote, na sasa kosa la rafu ni nadra. Waandikie mafunzo katika bajeti ile ile ya mashine, siyo ukurasa wa nyuma.

Daftari letu la saa liko la tatu sasa. Mzigo wa kawaida unaoingia Jumatatu unaondoka kesho yake. Wa Ijumaa baada ya 15:00 bado unalala hadi Jumatatu, na katika safu ya nne, mbele ya mizigo hiyo yote, mwandiko ni wangu na jina ni langu: mimi ndiye mwenye ufunguo, na Jumamosi huwa niko Katuba kwa mama yangu. Mwezi ujao natengenezesha ufunguo wa pili.