Somo: Kuipunguzia kasi njia ya mtaani ili kila mtu apite salama

Assalaam alaykum. Somo hili nimewaandikia wakaazi wa mitaa kama yetu ya Magharibi B, Unguja, ambako njia moja, isiyozidi mita sita upana, hupitwa kwa wakati mmoja na daladala iliyokwepa foleni, vespa, baskeli, gari ya ng'ombe iliyopakia mchanga, wazee wanaokwenda msikitini na watoto wanaotoka chuoni, yaani madrasa. Nitaeleza hatua kwa mpangilio tulioufuata sisi, pamoja na kosa moja kubwa tulilolifanya, kisha nitajibu maswali ambayo wanachama wa kundi letu wameniletea tangu nilipotangaza kuwa nitaandika.

Kabla ya hatua zenyewe, lieleweke jambo moja. Dereva haendi mwendo anaoambiwa na kibao. Huenda mwendo ambao njia yenyewe inamruhusu. Njia pana, iliyonyooka na yenye lami mpya humwita akanyage mafuta, hata kama dereva huyo ni mtu mwema na nyumba yake iko mita mia mbili mbele. Kwa hivyo kazi yetu kubwa ni kuibadilisha njia, na nasaha kwa madereva zifuate nyuma.

Hatua ya kwanza: kaeni barzani mkahesabu

Msianze na malalamiko, anzeni na daftari. Pimeni mita 50 za njia kwa tepu ya fundi, mpige mstari wa chokaa kila upande, kisha mtu mmoja akae barzani na saa ya sekunde iliyomo katika simu yake. Chombo kinachokata mita hizo kwa sekunde 6 kinakwenda kilomita 30 kwa saa. Kikizikata kwa sekunde 4 na nusu ni kilomita 40. Kikitumia sekunde 3 na nusu hivi, hicho kimefika 50. Fanyeni hivyo asubuhi watu wanapokwenda kazini, saa sita mchana mkondo mmoja wa skuli unapotoka na mwengine kuingia, baada ya Alasiri watoto wanapokwenda chuoni, na tena karibu na Magharibi. Ikiwa ni Ramadhani, usiikose nusu saa ya mwisho kabla ya kufuturu, kwa sababu hapo kila mtu ana haraka na tumbo lake.

Pamoja na vyombo, waandikeni wanaokwenda kwa miguu: wangapi, wa umri gani, na wanavukia wapi hasa. Mtagundua kwamba watu hawavuki pale mnapodhani. Sisi tulikaa siku tatu, tukiwa na hakika kwamba wahalifu wetu ni bodaboda. Daftari lilituaibisha: wengi kati ya waliopita kwa kasi walikuwa wakaazi wenzetu, na mmoja wao alikuwa mjumbe wa kamati yetu.

Kwa nini tunaitafuta kilomita 30 na si 40? Hesabu ni nyepesi. Gari inayokwenda 50 husafiri karibu mita 14 kila sekunde, na dereva huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kuufikisha mguu kwenye breki. Ukiongeza masafa ya breki zenyewe kwenye lami kavu, gari hiyo itasimama baada ya mita 28 hivi. Ile ya kilomita 30 itasimama baada ya mita 13. Mtoto akichomoka mita 15 mbele ya gari, dereva wa 30 atasimama na kumgombeza, ilhali dereva wa 50 atakuwa ndiyo kwanza anaanza kuzigusa breki. Nguvu ya kugonga nayo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hivyo kilomita 60 hubeba nguvu mara nne ya kilomita 30. Ndiyo maana mkutano wa kimataifa wa mawaziri kuhusu usalama barabarani, uliofanyika Stockholm Februari 2020, uliitaja kilomita 30 kuwa kikomo mahali ambapo watu na vyombo vya moto huchanganyika.

Hatua ya pili: pigeni goti penye kona

Hatua hii haina gharama, na kwa maoni yangu ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Nendeni kwenye kila kona na kila mdomo wa uchochoro, mpige goti mpaka macho yenu yawe kwenye kimo cha mita moja, ambacho ndicho kimo cha mtoto wa chuoni, kisha mtazame njia. Mimi nilipopiga goti kwenye kona ya duka letu nilikuwa na lundo la kokoto mkono wa kulia, lililokuwa likingoja ujenzi kwa zaidi ya mwaka na limeshaota majani, na mkono wa kushoto kulikuwa na pikapiki iliyoegeshwa pamoja na makreti ya soda. Katika upenyo uliobaki niliona tairi moja la gari, nalo nililiona lilipokuwa limeshanifikia. Nikisimama wima, pahala hapo hapo, naiona njia yote hadi msikitini.

Baada ya hapo, kazi ni ya mdomo na mabavu ya mikono. Mwenye kokoto aombwe azisogeze ndani ya kiwanja chake, michongoma ipunguzwe, na gari zisiegeshwe karibu na kona. Sisi tulikubaliana mita tano kila upande. Mchanga uliomwagika juu ya lami nao uzolewe, maana huwatelezesha wa baskeli na vespa na huongeza masafa ya breki. Mitaro iliyo wazi ipate mifuniko, kwani mzee asiyeona vizuri au mtu wa kiti cha magurudumu akikuta mtaro wazi ukingoni hana budi kuingia katikati ya njia.

Hatua ya tatu: chagueni umbo litakalopunguza kasi

Hapa ndipo tulipokosea. Baada ya mtoto wa jirani kuponea chupuchupu, vijana walichukua saruji na vigogo viwili vya mnazi, na usiku huohuo tukawa na tuta. Nasema "tukawa" kwa kuwa karai la zege nililishika mimi. Lilikuwa jembamba, la kimo cha sentimita kumi na tano na ushei, halikupakwa rangi, na lilikuwa chini ya mwembe ambako taa haifiki. Usiku wa tatu alianguka baba mmoja wa vespa, akavunjika mkono. Tuta tulilijenga kwa ajili ya usalama, na majeruhi wa kwanza wa njia yetu mwaka ule alikuwa wa tuta lenyewe. Tulilibomoa kwa nyundo zetu, kisha tukaenda kumtaka radhi.

Tuta la sawa ni kazi ya kitaalamu. Umbo linalojulikana zaidi lilibuniwa na watafiti wa barabara wa Uingereza katika miaka ya 1970: lina mgongo wa mviringo, urefu wa mita 3.7 kwa kufuata njia, na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Ukilipita kwa kilomita 25 hulisikii sana. Ukilipita kwa 50 utajuta. Tofauti yake na vile vijituta vyembamba vya mtaani ni kwamba tuta jembamba humuumiza mwenye baskeli anayekwenda polepole, na huenda lisimtikise sana mwenye gari kubwa anayekimbia. Matuta yafuatane kwa masafa ya mita 60 hadi 80, kwa sababu likiwa moja tu dereva atalipunguzia na kisha aongeze mwendo ili afidie. La kwanza liwe karibu na mwanzo wa njia, pale ambapo gari bado haijakolea. Yote yapakwe rangi, yatanguliwe na alama, na yaachiwe nafasi ya maji kuelekea mtaroni, la sivyo masika itageuza upande wa juu wa tuta kuwa dimbwi.

Mbele ya skuli, msikiti au kisima, kivuko kilichoinuliwa ni bora kuliko tuta tupu, kwani gari hupanda na mtu huvuka pakavu kwa usawa wa njia ya miguu. Kona zinaweza kukazwa ili anayekata asiweze kukata kwa kasi. Njia pia inaweza kubanwa mahali pamoja kwa kupanda mti na kuuwekea ukingo, ili gari mbili zipishane kwa kungojana. Uholanzi walianza kuijaribu fikra hii katika mji wa Delft mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1976 sheria yao iliutambua mtaa wa makaazi kuwa ni uwanja wa wakaazi, na gari humo ni mgeni. Mtu wa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar hahitaji kufundishwa fikra hiyo; barza zetu ziliijua kabla ya lami. Karibu nasi zaidi, Dar es Salaam, shirika la Amend limezunguka skuli za msingi likiweka matuta, vivuko, njia za miguu na nguzo za kuzuia gari, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute (WRI). Hakuna katika vitu hivyo kinachohitaji mitambo ya ajabu.

Hatua ya nne: pelekeni hoja panapohusika

Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu, mkiwa na daftari, picha zilizopigwa kwa kimo cha mtoto, na mchoro wa mkono unaoonesha mnapoomba tuta au kivuko. Sheha na diwani ndio watakaowaelekeza ikiwa njia hiyo iko chini ya baraza la manispaa au ya wakala wa barabara, na kujua hilo mapema huwaepusha na miezi ya kuzungushwa. Askari wa usalama barabarani washirikishwe kabla ya ujenzi. Waombeni kitu kimoja au viwili. Orodha ndefu huwekwa kando.

Hatua ya tano: pimeni tena

Mwezi mmoja baada ya mabadiliko, rudini barzani na mistari ileile ya chokaa, saa zilezile. Angalieni pia njia ya pili, kwa sababu vyombo vilivyokimbia kwenu huenda vimehamia kwa majirani.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Wete: Maalim, njia yetu bado ni ya udongo. Tuta la udongo halimalizi masika moja. Tufanye nini?

Jibu: Msihangaike na matuta ya udongo, ndugu yangu. Fanyeni hatua ya kwanza na ya pili sasa, na muweke macho kwenye siku ya lami. Njia ya udongo ina mashimo yanayomzuia dereva bila ya kuombwa, na siku ile lami inapopita mashimo huondoka na kasi hupanda, mara nyingi bila ya kuwekwa kitu cha kuizuia. Ombeni matuta, vivuko na njia ya miguu viingie kwenye mchoro kabla ya ujenzi, kwani kuviongeza baadaye ni mradi mwengine wenye fedha nyengine.

Mwanachama wa Jang'ombe: Tunaweza kujiwekea wenyewe kibao cha kilomita 30?

Jibu: Hapana. Alama ya kikomo cha mwendo huwekwa na mamlaka, na kibao chenu hakitamfunga mtu kisheria. Kibao cha kuomba tu, kama "Watoto wanacheza, pole pole", hakina ubaya kikiwekwa kwa ruhusa, ila msikitegemee.

Bi mmoja wa Tomondo: Sisi tunatoka msikitini baada ya Isha na mabuibui meusi, na dereva husema hakutuona. Kosa ni letu?

Jibu: La, Bi mkubwa. Dereva anapaswa kwenda mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya mwanga wa taa zake. Kwanza uombwe mwanga wa taa za njia, hasa pale mnapovukia. Wakati mnangoja, tochi ndogo iliyoelekezwa chini husaidia sana, na pasipo na njia ya miguu tembeeni upande wa kulia, ili gari ya upande wenu iwe inakuja usoni na si mgongoni. Wenye gari za ng'ombe nao wabandike vibati vya kuakisi mwanga nyuma. Taa ya dereva huviona kabla ya kumuona ng'ombe.

Mwanachama wa Mwanakwerekwe: Matuta hayatachelewesha gari ya wagonjwa na ya zimamoto?

Jibu: Yatachelewesha kidogo, na ni haki kulifikiria. Kwenye njia ambayo gari hizo huitumia sana, huwekwa matuta ya vipande, ambayo gari yenye magurudumu yaliyotanuka huyapita katikati ya miguu yake huku gari ndogo ikilazimika kupanda. Njia ya ndani isiyokuwa kipito cha gari hizo haihitaji tahadhari hiyo.

Mwanachama wa Chake Chake: Kwa nini tusiwafundishe watoto kuvuka, tukaachana na gharama zote hizi?

Jibu: Wafundisheni, lakini msiwabebeshe mzigo huo. Mtoto wa miaka saba huiona gari, ila hawezi kukadiria inakuja kwa kasi gani, na akiona mpira wake umeingia njiani haoni kitu chengine. Kwetu kina mama wamepanga zamu: mmoja hukusanya watoto wa nyumba sita na kuwavusha kwa pamoja wakati wa kwenda chuoni na wa kurudi. Zamu ya Jumanne ni yangu, na vespa hunipigia honi kama kawaida.

Mwanachama wa Fuoni: Vijana wa bodaboda tuwaingie vipi bila ya ugomvi?

Jibu: Nendeni kijiweni kwao na daftari, muwaulize ni wapi wao wenyewe wamewahi kuponea. Wetu walitutajia pahala pawili ambapo hatukuwa tumepaandika, na pamoja kati ya hapo ndipo kilipojengwa kivuko.