Somo: Kuzitambua Nyasi Kabla Hazijatoa Masuke

Watu wengi wa huku kwetu huzitambua nyasi kwa masuke yake, na hilo halina ubaya kwa mtu anayekusanya mbegu. Lakini kwa mkulima anayepalilia mpunga kule Ahero au ngano kule Njoro, suke likishachomoza amechelewa, kwa kuwa gugu limekwisha kula mbolea yake na liko karibu kupukutisha mbegu za msimu ujao. Somo hili linaonyesha namna ya kuitambua nyasi ikiwa bado changa kwa kuchunguza mahali padogo ambapo wengi hupapita bila kupatazama, yaani pale jani linapoungana na shina. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 itakusaidia, ingawa kwa aina nyingi macho mazuri na mwanga wa asubuhi hutosha.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni nyasi

Viringisha shina kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Shina la nyasi huwa la mviringo au limebanwa kidogo, lina mafundo, na katika aina nyingi lina uwazi ndani kati ya fundo na fundo, ijapokuwa muwa na mahindi yamejaa. Ndago, pamoja na mafunjo yanayoota kwenye kinamasi cha Dunga karibu na Kisumu, ni wa ukoo mwingine: shina lina pembe tatu, limejaa, na majani yamepangwa kwa safu tatu ilhali ya nyasi hupangwa kwa safu mbili. Usiidharau hatua hii, kwa maana dawa zilizotengenezwa kuua nyasi pekee haziiui ndago, na mkulima hubaki akimlaumu mwenye duka.

Hatua ya 2: Fungua kiungo cha jani

Jani la nyasi lina sehemu mbili: ala inayolikumbatia shina, na bapa linaloelekea nje. Chagua jani lililokomaa lakini halijakauka, ulishike bapa na kulivuta nyuma taratibu mpaka liachane na shina bila kukatika, kisha utazame upande wa ndani, pale ala inapoishia. Utaona kitu kidogo kilichosimama, ambacho wataalamu hukiita ligula. Huweza kuwa utando mweupe unaopitisha mwanga, au safu ya nywele fupi, au kisiwepo kabisa. Katika baadhi ya nyasi, kila upande wa kiungo hicho huwa na kipande kidogo kilichojikunja kuelekea kwenye shina. Hivyo tutaviita vimasikio.

Hatua ya 3: Linganisha na zao lako

Hapa ndipo penye faida kubwa. Miche ya mpunga na ya gugu la Echinochloa hufanana kiasi cha kumchanganya hata mpaliliaji wa miaka mingi, lakini mpunga una ligula ndefu ya utando, iliyochongoka, pamoja na vimasikio vyenye nywele, ilhali Echinochloa colona na Echinochloa crus-galli hazina ligula wala vimasikio. Ukifungua kiungo unakuta patupu. Mpunga mwitu, Oryza longistaminata, ni mjanja zaidi kwa sababu nao una ligula ndefu. Huo lazima uuchimbe: una mashina yanayotambaa chini ya udongo, na mpunga wa kupandwa hauna.

Kwenye mashamba ya Njoro tazama vimasikio. Vya shayiri ni virefu, havina nywele, na hulizunguka shina hadi ncha zake kupishana. Vya ngano ni vifupi na vina nywele chache zinazoonekana vizuri kwa lenzi. Oti mwitu, gugu linalosumbua sana ngano, halina vimasikio kabisa. Ukitaka uthibitisho wa pili, angalia jinsi majani machanga yanavyojisokota, kwa kuwa ya oti huelekea upande ulio kinyume na yale ya ngano na shayiri. Binafsi ninaviamini vimasikio zaidi, maana upepo na kiu huyavuruga majani.

Hatua ya 4: Chimba

Usiing'oe nyasi kwa kuivuta, kwani sehemu unayoihitaji itabaki ardhini. Sangari (Digitaria abyssinica) na Cynodon dactylon zote zina mashina ya chini ya ardhi, na kila kipande chenye fundo huweza kuchipua upya. Ila ligula ya sangari ni utando, na ya Cynodon ni safu ya nywele fupi sana. Cynodon plectostachyus na Cynodon nlemfuensis hutambaa juu ya ardhi tu, kwa hiyo jembe huziweza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mumias: Mwalimu, kwenye miwa kuna nyasi ndefu inayowasha vibaya mikononi. Ni ipi?

Jibu: Kwa maelezo hayo, ndugu yangu, ninaishuku Rottboellia cochinchinensis. Ala zake zina nywele ngumu zinazovunjikia ndani ya ngozi. Vaa glavu na mikono mirefu, na uing'oe kabla haijatoa suke, ambalo huwa la mviringo na hukatika vipande vipande likikomaa.

Mwanachama wa Siaya: Je, ligula inaweza kutenganisha wimbi na wimbi mwitu?

Jibu: Hapana, dada. Wimbi mwitu, Eleusine africana, ndiyo asili ya wimbi letu, na vikiwa vichanga hufanana mno. Tofauti hudhihirika mbegu zinapoiva, kwa kuwa za mwitu hupukutika na za wimbi hubaki kwenye suke. Panda kwa mistari, kisha ung'oe kila kinachoota nje ya mstari.

Mwanachama wa Nakuru: Nyasi ya uwanja wangu haijawahi kutoa suke. Ni tasa?

Jibu: Ikiwa inatambaa kwa mashina manene na ligula yake ni duara la nywele, basi huenda ni kikuyu, Cenchrus clandestinus. Maua yake hufichwa ndani ya ala. Toka asubuhi, hasa baada ya kuikata, na unaweza kuona nyuzi nyeupe zimesimama juu ya majani. Hizo ndizo zinazobeba chavua.

Mwanachama wa Kakamega: Na kiduha, ni nyasi ya aina gani?

Jibu: Si nyasi. Ni mmea wenye maua ya waridi unaonyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi, ambavyo vyenyewe ndivyo nyasi.

Mwanachama wa Kisumu: Nikishindwa kabisa, nimpelekee nani?

Jibu: Hifadhi ya mimea iliyokaushwa katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Chukua mmea mzima wenye mizizi na suke, uulaze kati ya magazeti chini ya kitu kizito, na ubadilishe magazeti kila siku hadi ukauke. Andika tarehe, mahali, aina ya udongo, urefu na rangi ya suke lilipokuwa bichi, maana rangi hupotea.