Kituo cha wageni cha mbao msituni: mchwa na mvua kwanza, picha baadaye

Wateja wanaoniletea wazo la kituo cha wageni cha mbao huja na picha kwenye simu. Mara nyingi ni jengo la nchi za theluji: nguzo zimezikwa ardhini, ukuta mzima ni kioo, paa limeishia pale pale ukuta unapoishia. Picha nzuri, sikatai. Lakini mimi nachorea mkoa wa Tanga, na mfano wangu hapa ni Amani, Usambara Mashariki, ambako mvua hufika karibu milimita 1,900 kwa mwaka na mchwa hawana likizo.

Anza kwa kutafuta mahali palipokwisha kuharibiwa: shamba lililoachwa, uwanja uliokuwa wa kupakilia magogo, msingi wa nyumba iliyobomoka. Pale Sigi, kwenye lango la hifadhi ya Amani, nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya enzi za Wajerumani ndiyo iliyogeuzwa kituo cha wageni, wala hakuna mti uliohitaji kuangushwa. Kama hakuna cha kufufua, vaa buti uende kwenye eneo lako masika, mvua ikiwa inanyesha hasa, uone maji yanapita wapi. Ukilikagua kiangazi tu, bado hujalikagua. Wakati huo huo fuatilia tathmini ya athari kwa mazingira huko NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu, kama ardhi ni yao. Karatasi hizo zina mwendo wake.

Sasa mbao. Mninga, mkongo na mvule ni mbao za heshima, ila jengo la kuwafundisha watu kuhifadhi msitu likijengwa kwa mvule wa msitu wa asili, muongoza wageni atasimama mbele ya watoto wa shule aseme nini? Tumia mbao za kupandwa. Mitiki ipo Longuza, wilaya hiyo hiyo ya Muheza. Misindano inatoka mbali, Sao Hill kule Mufindi, lakini bei yake inavumilika.

Mitiki ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Kinachokataa mchwa ni moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia. Weupe wa pembeni huliwa kama mbao nyingine yoyote, na miti michanga inayokatwa kupunguza msongamano shambani imejaa weupe. Kwa hiyo ukifika kwenye yadi usitazame ubapa wa ubao, tazama kichwa chake, pale ulipokatwa. Weupe ukizidi, hiyo ni mbao ya rafu za ndani, si ya nguzo. Na uombe hati ya kusafirishia kabla hujahesabu pesa.

Msindano lazima utiwe dawa kwa mtambo wa shinikizo. Kata kipande kimoja cha majaribio katikati: rangi ya kijani iwe imeingia ndani, siyo imepakwa juu. Kila unapokata mbao ya dawa, paka dawa tena kwenye mkato, maana hapo ndipo mchwa atakapoingilia. Dawa hiyo kwa kawaida ni ya shaba, kromiamu na aseniki, kwa hiyo vipande vinavyobaki visiende jikoni kwa mama lishe wa saiti hata kidogo. Moshi na majivu yake ni sumu. Meza na viti vya wageni vifanye vya mitiki.

Nunua mapema, upange mbao kivulini na vijiti katikati ya safu ili upepo upite. Kuvu wa kuozesha huhitaji mbao yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20. Mimi siruhusu kufunga kitu chochote kipimo kikisoma juu ya 18.

Vipimo vya jengo vifuate mbao iliyopo dukani. Msindano wetu huuzwa futi 12, basi weka nguzo kila futi 12 na utaona mabaki yanavyopungua. Wazee wa mwambao walijua hili: vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko haziendi mbali zaidi ya hapo.

Mguu wa nguzo ndio ninaoukagua mwenyewe, hata fundi awe nani. Zege litoke ardhini, sakafu iinuke angalau sentimita 60 ili mtu aweze kutambaa chini yake na tochi. Juu ya zege ikae kofia ya bati, iliyozidi pande zote kwa sentimita tano na kukunjwa kuelekea chini. Kofia haiui mchwa. Inamlazimisha kujenga njia yake ya udongo kwa nje, mahali unapoiona. Juu ya kofia kuna kiatu cha chuma kinachoibeba nguzo huku kikiacha uwazi wa vidole viwili chini yake, kwa sababu kichwa cha mbao hunyonya maji kama mrija. Bolti ziwe za kuzamishwa kwenye zinki ya moto. Dawa yenye shaba hula chuma kitupu.

Paa litoke nje ya ukuta mita moja na nusu, na upenu huo uwe baraza, maana wageni wengi hukaa hapo wakisubiri mvua ikatike. Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Bati linapiga kelele mvua ikinyesha, kwa hiyo weka dari ya mbao kwenye chumba cha maelezo, la sivyo muongozaji atakuwa anaongea na mikono. Bati hilo hilo linakupa maji: paa la mita za mraba 150, ukitoa yanayopotea, hukusanya takribani lita 228,000 kwa mwaka. Usifikirie kuchimba shimo la choo jirani na kijito. Mto Zigi ndio unaoinywesha Tanga mjini, kwa hiyo weka choo kikavu cha kutengeneza mboji.

Taa za nje ziwe chache, zielekee chini.

Kisha acha kifuniko sakafuni cha kuingilia uvunguni, na kwenye bajeti ya kila mwaka uandike mshahara wa mtu wa kuingia humo kila mwezi, kuvunja njia za mchwa, kuzibua mifereji ya paa na kukaza bolti zilizolegea baada ya mbao kusinyaa. Mfadhili akikataa mstari huo, mwambie apunguze vioo.