Kumvalisha mgonjwa slingi akiwa kitandani, kwa wanaouguza nyumbani

Kuna dada nimemsaidia hapa Ujiji, mzee wake kapigwa na kiharusi upande wa kulia, ndugu wa mbali wakamtumia mashine ya kunyanyulia na slingi yake, yaani kile kitambaa kigumu chenye mikanda kinachombeba mgonjwa kikiwa kimetundikwa kwenye mashine, lakini hakuna wa kuwaonyesha inavaliwaje. Naongelea ile slingi ya umbo la U yenye mikia miwili ya miguuni.

1. Soma lebo: kilo inazobeba na saizi. Lebo imefutika au uzi umeanza kufumuka, weka pembeni. Na msiniambie habari za kutumia kitenge kigumu badala ya slingi, kitenge ni cha kuvaa.

2. Muwe wawili. Mwambieni mzee kabla ya kumgusa, "baba, tunakugeuza kushoto sasa", hata kama haongei anasikia. Kama mmetoka kumchua na mawese mpanguseni kwanza maana atateleza.

3. Mgeuze kwa kushika bega na nyonga, ule mkono uliopooza usiuvute kabisa, bega linachomoka. Kunja slingi katikati kwa urefu, isukumie mgongoni, ukingo wa chini ufike kwenye mfupa wa mkia, mstari wa katikati ufuate uti wa mgongo. Mgeuze upande wa pili, vuta nusu iliyobaki.

4. Miguu. Hapa ndipo tulipotoa jasho mchana mzima. Kunja goti kidogo, pitisha mkia chini ya paja kutokea nje kuja ndani, unyooshe kwa kiganja mpaka ukae bapa, maana ukijikunja unakuwa kamba na atakaponing'inia utamkata ngozi, na wa kiharusi mara nyingi hasikii maumivu upande ule kwa hiyo usitegemee atalalamika. Mpira wa mkojo upite juu ya paja, usibanwe na mkia. Ukimaliza yote miwili ivute mbele uilinganishe. Mmoja mrefu kuliko mwenzake? Slingi imekaa upande, rudi hatua ya 3. Najua mmechoka, rudi tu, usijaribu kufidia kwa kuchagua vitanzi tofauti (vile vya rangi vya mwisho wa mikanda, vinavyotundikwa kwenye mashine), huyo dada alitaka kufanya hivyo na mzee angenyanyuka kapinda. Halafu pitisha mkia mmoja ndani ya kitanzi cha mwenzake ili ipishane katikati ya mapaja. Zipo njia nyingine za kufunga, ila kwa nyumbani mimi nashauri hii, mapaja hayaachani na hachomoki kwa chini.

5. Vitanzi: rangi ya kulia na kushoto ifanane. Vifupi mabegani na virefu miguuni anakaa wima, ndivyo unavyotaka kwa kiti.

6. Breki za kiti cha magurudumu funga, za mashine kwa kawaida zinaachwa wazi wakati wa kunyanyua ili ijiweke sawa yenyewe, ila kitabu chake kikisema tofauti fuata kitabu. Nyanyua mpaka mikanda ikaze TU, simama, kagua vitanzi vyote vinne, pitisha mkono chini ya mapaja, ndo upandishe. Betri chajini kila usiku, na kile kitufe cha kushusha kwa dharura mkijue leo, sio siku mzee yuko juu.

7. Akishakaa itoe, isipokuwa ni aina iliyotengenezwa kuachwa chini yake akiwa amekaa. Jasho na mikunjo ndo mwanzo wa vidonda. Kufua bila jiki, kuanika kivulini, pasi hapana.